Madirisha ya Faiba kwa Mama Yako

Gongoni,
Tabora.
Jumapili, 22 Septemba 2024.

Mpendwa mpwa wangu Levina,

Mwangaluka, kama tunavyoamkiana kwetu asubuhi. Marahaba nakupa mapema kabisa, maana najua kabla hujafika mstari wa pili utakuwa umeshaniamkia, ulivyolelewa ndivyo. U mzima? Mkwe wetu hajambo? Watoto wanakua? Na hiyo baridi yenu ya Winnipeg, imeshaingia ndani au bado inavua viatu mlangoni?

Mimi ni mzima wa afya. Meno yangu ni yaleyale uliyoyaacha. Shangazi yako Maua, mke wangu, hajambo, ila goti la kushoto linamsumbua akipanda ngazi, na bahati nzuri hatuna ngazi. Mizinga yangu mwaka huu imejaa asali hata tawi la mmoja limeshuka mpaka chini, nikarina nimekaa kwenye kigoda kama mtu anayekamua ng'ombe. Wapo wanaobisha. Hawakuwepo.

Mama yako, ambaye ndiye unayetaka kusikia habari zake, leo ni mzima. Nimeandika leo kwa makusudi. Soma mpaka mwisho, usiruke.

Utajiuliza kwa nini barua na simu ninayo. Ni amri ya mama yako. Anasema kwenye simu mimi huongeza chumvi, na maneno ya simu hayana pa kushikwa, lakini karatasi mtu anaweza kuirudia na kuniuliza. Adriano naye amekatazwa kukupigia mpaka uwe umeshaisoma hii. Kwa hiyo nimekaa, nimeomba kalamu, naandika.

Nianze pale tulipokubaliana, ili usiseme nimechanganya. Mwezi wa sita mama yako alipolazwa kwa ajili ya kifua mara ya pili, daktari alisema ni vumbi. Barabara imepita mbele ya nyumba, malori ya mchanga yanapita kutwa, na upepo wa Septemba hauna adabu. Tulikaa, wewe kwenye simu, mdogo wako Adriano amekuja kutoka Mwanza, na mimi mjomba wenu. Tukasema nyumba izibwe vumbi kabla Septemba haijaisha, la sivyo dada yangu Recheli akakae Mwanza kwa Adriano, ghorofa ya tatu. Yeye alisikiliza mpaka mwisho, akasema maneno machache: "Nyumba hii baba yenu Gerson alinikabidhi ufunguo mkononi. Mnaponihamisha, mtanihamisha mzima au?" Wewe ulisema mtandao unakatika.

Madirisha ya zamani unayakumbuka. Matano, yote sawa, babu yako mzaa baba aliyatengeneza kwa kipimo kimoja. Mbao zake zilikuwa zimebaki jina. Mchwa wa Gongoni si mchwa wa kuhadithiwa. Walishaingia kwenye kabati la mama yako wakala kitabu cha nyimbo cha kwaya, wakaacha namba za nyimbo tu, zimesimama mstari mmoja. Mwalimu wa kwaya akaimba kwa namba Jumapili ile na hakuna aliyekosea. Sasa mchwa wa namna hiyo utawawekea ubao?

Na upepo vilevile. Watu wa huko mnadhani upepo ni wenu. Mwaka ule bati za jirani zangu kule Puge zilinyanyuliwa na kuku amelalia mayai juu yake, zikashushwa Ziba, wilaya nyingine kabisa, vifaranga wameshatoka. Kuku mwenyewe hakuinuka.

Basi wewe ukasema faiba, ile ya nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi. Ukasema nyumba unayokaa wameweka madirisha ya faiba, na baridi ya nyuzi arobaini chini ya sifuri haipiti, kwa hiyo vumbi la Tabora halina ujanja. Nilikubali haraka kwa sababu faiba naijua. Nilishapanda boti ya faiba pale Kigoma kabla wewe hujaijua, ikapigwa mwamba, mwamba ukapasuka.

Nikaenda kwa Ebrahim, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi ambaye baba yake alimkopesha marehemu baba yako mabati ya nyumba hiyohiyo. Nilimkuta na miwani yake kwenye paji la uso. Nikamwambia nataka madirisha ya faiba, akaniuliza nani kanituma. Nikamwambia mimi situmwi. Akacheka, akaniagizia chai.

Ebrahim si mtu wa maneno mengi. Alitoa uani vipande vinne: chuma, aluminiamu, plastiki na faiba, akavipanga juani saa tatu asubuhi, akaniambia nirudi saa saba. Niliporudi akasema shika. Chuma nilikiacha haraka. Aluminiamu ilinifukuza nayo. Plastiki haikuwa ya moto sana, lakini ilikuwa imejikunja kidogo kama muwa uliosahaulika. Faiba nilikishika nikahesabu mpaka ishirini. Wewe unanijua, ningeweza kufika mia.

Akanieleza kwa nini. Fremu na kioo vikiwa juani hutanuka, jioni vinasinyaa. Fremu ya aluminiamu inatanuka kuliko kioo chake, kila siku wanavutana, mwisho ile gundi ya silikoni ya pembeni inaachia, na mahali silikoni imeachia ndipo vumbi linapita. Faiba inakwenda sawa na kioo. Mchwa haili, mvua haiivimbishi, rangi unaipaka ukitaka. Ubaya wake ni mmoja: Tabora hakuna anayeitengeneza. Inatoka karakana moja Dar es Salaam, kwa vipimo vyako, na ikishakatwa imekatwa.

Hapo ndipo alipotoa futi lake, lile la chuma la kuvuta, akaniambia: "Mzee Nikolaus, pima kila dirisha mara tatu. Juu, katikati, chini. Andika kilicho kidogo. Au nikupe fundi Lugembe akapime."

Levina, hapa ndipo penye habari. Futi sikulichukua. Wala Lugembe sikumchukua.

Kwanza uelewe sisi ni nani. Tabora hii kabla ya gari la moshi ilikuwa njia ya misafara, na fedha yake ilikuwa nguo. Nguo ilipimwa kwa mkono, kuanzia kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ni upande, mikono minane ni doti. Muuzaji alimweka mpimaji mwenye mkono mfupi, na mnunuzi mwenye akili alikuja na ndugu yake mwenye mkono mrefu. Huyo ndugu, kwa mji huu mzima, alikuwa babu wa babu yetu, Masolwa wa kwanza. Watu walitoka Ujiji kuja kumwazima. Wenye maduka wakimwona anaingia sokoni walikuwa wanafunga milango na kusema wana msiba. Siku moja alipima doti moja, ikatosha kumvika mke, watoto sita na mbuzi. Mkono huo nimerithi mimi. Nimeonyesha watu wengi, hata wewe ulipokuwa mdogo nilikuwa nakutolea mayai ya njiwa kwenye tundu la juu bila kupanda kiti.

Kwa hiyo nilipima kwa mkono wangu. Madirisha matano, yote, mara tatu kama alivyosema: juu, katikati, chini. Upana mikono miwili. Kimo mikono miwili na nusu. Sikukosea hata unywele, na hilo bado nasema.

Kisha nikageuza kuwa inchi. Mimi niliishia darasa la tano, lakini la tano la wakati ule. Mwalimu wetu wa hesabu alitufundisha mkono mmoja ni inchi kumi na nane, na aliyesahau alikumbushwa kwa fimbo. Sikusahau. Kumi na nane mara mbili, thelathini na sita. Mara mbili na nusu, arobaini na tano. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri, nikaweka sahihi, nikampelekea Ebrahim. Aliuliza kama nimepima kwa futi. Nikamwambia vipimo ni vipimo.

Madirisha yalifika Jumamosi ya tarehe saba, yamefungwa maboksi kama friji. Meupe, vioo viwili viwili, na wavu wa mbu ndani yake. Watu walisimama barabarani kuangalia. Nikamwita Lugembe, akang'oa la kwanza la zamani, akanyanyua jipya akalitia. Likapita lote. Lingeendelea kupita lingeangukia kitandani kwa mama yako. Upande kwa upande limepungua inchi sita, juu kwa chini saba na nusu. Tukajaribu la pili. Vilevile. Lugembe alivua kofia, akakaa juu ya boksi, akaniuliza kama hii nyumba ndiyo niliyoipima.

Wewe ulipiga simu saa ileile, unataka kuona picha. Watu wamejaa. Nikakwambia duka limekata vibaya.

Ndivyo nilivyosema. Nilisema pia kwamba Ebrahim siku hizi haoni vizuri, na kwamba faiba yenyewe labda si faiba. Hayo mawili niliyaongeza kwa sababu la kwanza lilikuwa linasimama peke yake.

Ukakasirika, na kwa ulivyoambiwa ulikuwa na haki. Ukasema yafungwe yarudishwe, na Adriano aje na gari amchukue mama. Jumatatu Adriano akafika, amechukua likizo ya wiki tatu. Akaleta na begi jipya. Akaanza kupanga nguo za mama yako humo, moja moja, kwa adabu sana, naye mama yako amekaa kitandani anamwangalia kama mtu anayeangalia wageni wanavyotoa vyombo vyao baada ya harusi.

Nilikwenda kwa Ebrahim siku hiyo, kusema kweli sijui kufanya nini. Alinionyesha simu yake. Ulikuwa umemwandikia ujumbe, na maneno yake unayajua, sitayarudia kwenye karatasi ambayo pengine watoto wako watasoma. Aliniuliza jambo moja tu: "Huyu ni mtoto wa Gerson kweli?" Kisha akafungua mtoto wa meza, akanionyesha ile karatasi yangu yenye sahihi, akaifunga tena humo. Akasema, "Karatasi ninayo. Sitaitoa mpaka uitoe wewe."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Njia ilikuwa fupi kuliko kawaida.

Mama yako, unajua, miaka yote amekula kwa cherehani. Kesho yake aliniita, Adriano yupo, Lugembe yupo anasubiri kuambiwa kama anajenga au anafunga maboksi. Akasema niketi kwenye kigoda na nikunje mkono wa shati. Akatoa futi lake la kitambaa, lile la njano alilolichakaza, akaweka mwanzo wake kwenye kiwiko changu, akalivuta mpaka ncha ya kidole. Hakuvaa miwani. Akamwambia Adriano asome.

Adriano akasoma ishirini na moja.

Mama yako akalikunja futi. Akasema, "Nakushonea mashati tangu ukiwa darasa la pili, Nikolaus. Mkono wako naujua kuliko unavyoujua wewe. Nilikuwa nangoja uumbuke mwenyewe, lakini naona begi limeshajaa."

Lugembe alitoka nje. Nilimsikia anacheka nyuma ya choo. Nimemsamehe, ana watoto wengi.

Kwa hiyo, mpwa wangu, hesabu ni hii. Mwalimu alikuwa sahihi kwa mkono wa mtu wa kawaida. Mimi nilikuwa sahihi kwa mkono wangu. Kilichokosewa ni kuandika mkono wangu kwa inchi za watu wengine. Ebrahim alikata alichoandikiwa. Karakana ilikata ilichotumiwa. Madirisha ni mazuri, ni faiba kweli, na kosa lote kuanzia mwanzo wake mpaka mwisho ni langu. Nimeliandika kwa kalamu isiyofutika ili mama yako aridhike.

Sasa sikia nilivyolitengeneza. Lugembe alisema bora yalikuja madogo. Yangekuja makubwa tungekata kuta za udongo, na ukuta ule ukianza kupasuka hausimami. Dogo linavishwa. Mimi nina mbao za mninga, nilizipasua mwaka ambao baba yako alifariki, nikaziweka darini kwa ajili ya mlango wa nyumba yangu. Watu watatu wameshaniomba niwauzie nikakataa, mmoja wao alikuja na gari la serikali. Nilizishusha zote. Lugembe akatengeneza fremu nene za kuzunguka kila dirisha, inchi tatu kila upande na zaidi kidogo juu na chini, akazipaka dawa ya mchwa pande zote nne kabla ya kuzichomeka, akaziba kwa udongo uliochanganywa na simenti, ndani na nje akapiga lipu. Silikoni alipaka mwenyewe Ebrahim. Alikuja na kanzu yake, akakunja mikono, hakuzungumza na mimi mpaka dirisha la tatu. La nne akaniomba maji ya kunywa. Mimi mlango wangu bado ni wa bati, na ni mlango mzuri tu.

Adriano hakuamini kwa macho. Yeye ni mtu wa ofisi. Ijumaa iliyopita, upepo umechachamaa na malori yanapita, alifunga madirisha yote, akaziba chini ya mlango kwa kanga, akatandika kitambaa cheusi mezani, akaweka sahani juu yake imefunikwa kifudifudi. Tukatoka wote, saa nne mpaka saa nane. Zamani ukifanya hivyo, ukiinua sahani unakuta duara jeusi, na kwingine kote kitambaa kimekuwa kijivu. Unajua mwenyewe, umefuta meza hiyo utoto wako mzima.

Akainua sahani. Duara halikuwepo. Akainama akaangalia kwa pembeni, akapitisha kidole. Kidole akakitazama. Kisha akaenda kukaa barazani, huko kwenye vumbi, peke yake.

Mama yako wiki moja sasa hajatumia ile dawa ya kuvuta zaidi ya mara mbili. Vumbi likituama anafungua dirisha la chumbani, wavu unabaki, anapata hewa. Kukohoa anakohoa, ni mtu mzima. Lakini anamaliza sentensi. Jana alimaliza ubeti mzima wa wimbo wa kwaya, akaanza wa pili.

Kilichobaki ni wewe. Adriano nimemsema, mama yake amemsema, naye anajibu kila siku vilevile, kwamba aliyeamua mama aondoke ni dada, na atakayetengua ni dada. Likizo yake inaisha. Jumamosi ya tarehe ishirini na nane asubuhi anarudi Mwanza. Begi halijafunguliwa. Liko nyuma ya mlango, mama yako anachomoa gauni moja asubuhi, jioni analikunja analirudisha. Hataki kulifungua mwenyewe. Anasema hatakaa kwenye nyumba yake kwa ubishi. Akikaa, akae kwa sababu wanawe wamejua ukweli wakakubali. Mimi nisingekuwa na subira hiyo, lakini mimi sikuzaa mtoto mkali kama wewe.

Piga kabla ya Jumamosi. Mpigie yeye, usinipigie mimi. Na dirisha usiliseme kwanza, mwamkie.

Salamu kutoka kwa shangazi yako Maua, anasema picha za watoto zimekuwa chache. Adriano anakusalimu kwa ukimya aliouahidi. Lugembe anakusalimu ingawa humjui, anasema siku ukijenga umwite yeye na mimi nibaki nyumbani. Kasimiri, mwanangu, amepata mtoto wa kike, amempa jina la mama yako, na amerithi vidole, nimeshaviangalia. Wasalimie wote wa nyumba yako. Mungu awafunike huko kwenye theluji, awape kazi isiyowachosha na usingizi usiokatika, na siku mkirudi mtukute sisi sote tungali juu ya ardhi.

Jambo la mwisho. Barua hii haiji kwa posta. Imeletwa na Zeenat, binti mdogo wa Ebrahim, anayekuja kusoma chuo hapo mjini kwenu. Baba yake aliposikia natafuta mtu wa kubeba alisema ana mtu. Nilimpa bahasha mkononi na sikuifunga kwa gundi. Hakuuliza ndani mna nini. Aliitia kwenye mkoba wa binti yake, pamoja na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na chupa ya asali aliyokutumia mama yako, akafunga zipu. Binti mwenyewe hajui lolote kuhusu ujumbe wako. Hajawahi kuona theluji, hajui mtu mwingine yeyote katika nchi hiyo. Nyama yake lazima iwe ya kuchinjwa kihalali, na chai anapenda ya maziwa, tangawizi iwe nyingi.

Ukifika mstari huu, nadhani atakuwa bado amekaa mbele yako na koti lake. Mvue koti.

Mjomba wako akupendaye kwa moyo wote,

Nikolaus Masolwa